Mgongo wa Mwende na Punda Asiye na Kosa

Mpendwa Mama Mwende,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu tulipokuzika. Nilidhani sina jambo la kukueleza. Sasa ninalo, nalo ni la upande wako kabisa.

Unakumbuka binti yetu alipovunja ungo? Ulinituma soko la Migwani nikanunue kamba. Nilikwambia kamba tunazo. Ukasema, "Mwalimu, nenda." Niliporudi, yote yalikuwa yamekwisha kuzungumzwa, na kamba ile haijawahi kufunga kitu. Ndivyo tulivyomlea: mimi hesabu na adabu, wewe mengine yote.

Mwaka huu mgongo wake ulianza kumuuma. Nililaumu mtungi wa maji anaoubeba mgongoni kutoka mtoni, nikanunua punda. Punda akabeba maji, mgongo ukaendelea kuuma, na mguu ukaanza kufa ganzi. Majirani wakasema punda ana mkosi.

Daktari ndiye aliyemtetea punda. Sehemu ya chini ya uti wa mgongo wa Mwende kuna nyama ya aina iliyopaswa kuwa ndani ya mji wa mimba. Kila mwezi huvuja damu huko huko iliko. Ni jambo la nadra sana.

Laiti ungetuona mbele ya daktari! Ningewezaje kumuuliza binti yangu mambo hayo? Nilimketisha dada yangu Kalekye katikati yetu.

"Kalekye, muulize kama huumia kila mwezi."

"Mwende, baba yako anauliza kama—"

"Shangazi, nimemsikia. Mwambie ndiyo."

Daktari aliuliza kwa upole kama masikio yangu yana shida.

Nyama hiyo ikikatwa, mishipa ya fahamu ya mguu inaweza kujeruhiwa. Ikiachwa, mguu utazidi kudhoofu. Ziko dawa za kuituliza, lakini wakati wa kuzitumia hatashika mimba, naye anatamani mtoto.

Jana Kalekye alikwenda kanisani. Mwende akavuta kiti karibu nami.

"Baba, unaogopa?"

Nilitazama huku na huku nikitafuta wa kumtuma na jibu. Hakuwapo mtu.

"Ninaogopa sana," nikasema.

"Hata mimi."

Basi tukazungumza, Mama Mwende, juu ya mji wa mimba, mimi na yeye, mpaka chai ikapoa. Sikufa.

Uamuzi ni wake. Siku atakayoamua, nitakuandikia kabla sijamwambia Kalekye.

Mumeo,
Baba Mwende