Njuga Zako Ziko Miguuni kwa Milembe

Ibadakuli, mvua za kwanza

Shangazi,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, maana nyumba iko kimya na sikupenda salamu yangu ibaki inaning'inia hewani. Nimekaa mlangoni kwenye kigoda chako, karatasi nimeiweka juu ya ungo uliopinduliwa. Mtu mwenye adabu angeanza na habari za mvua, nani kaoa, ng'ombe wa nani kazaa. Lakini wewe unanijua. Jambo likinikwama kooni silali hadi nilitoe. Basi nalitoa: namwonea wivu Milembe, Shangazi. Namwonea wivu mpaka ugali haupiti.

Njuga zako anazivaa yeye. Ninyi mmenifanyia hivyo, wewe na yeye, na wewe umeshaondoka huwezi hata kunijibu.

Habari ya kifo chako niliipata Geita. Aliileta dereva wa lori, akaitoa pamoja na salamu za watu wengine kana kwamba na yenyewe ni salamu. Ulikuwa umeshazikwa siku nyingi. Jioni ile nilitakiwa kuimba kilabuni, na niliimba. Usinune. Rajabu, yule mpiga gitaa wa Tabora niliyekuwa nikiimba naye, aliniambia nipumzike, nikakataa. Niliimba nyimbo zako tu, mmoja baada ya mwingine, na wachimbaji walilia, na mimi sikulia. Nililia asubuhi yake nikiwa nafua.

Nataka kukukumbusha mwanzo, ili uone kwamba wivu huu sikuuokota njiani.

Mama alipofariki ulinichukua, nikawa nalala nyuma ya mgongo wako. Wimbo wa kwanza nilioujua niliupata kwenye jiwe lako la kusagia mtama, wewe ukisukuma jiwe na mimi nikikamata mkia wa kila mstari. Nilipopata akili kidogo ndipo nikaelewa kazi yako. Watu walipoitana kulima shamba la mtu mmoja kwa siku moja, majembe ishirini, thelathini kwa mstari, wewe ndiye uliyetangulia mbele yao. Ulitembea kinyumenyume, uso kwao, njuga miguuni, unaimba, na majembe yanashuka pamoja mahali wimbo unaposhuka. Wanaume walisema hiyo si kazi ya mwanamke. Hukubishana nao. Ulifunga njuga, ukaenda shambani, na kufika saa nne walikuwa wameshasahau walichosema.

Milembe alikuja kwetu kuomba moto. Mtoto wa jirani tu, miguu imejaa vumbi, kigae mkononi cha kubebea makaa. Alikuta unanifundisha, akasimama, makaa yakapoa. Ukampa mengine, yakapoa tena. Kuanzia siku hiyo tukawa wawili, na mimi sikukuomba tuwe wawili.

Na sauti aliyokuwa nayo! Debe lililotoboka. Mimi nilikuwa na sauti, Shangazi, tusidanganyane, kijiji kizima kilisema. Unakumbuka jioni ile tulipomaliza kulima kwa baba mkubwa, nikaimba karibu na mtungi wa pombe, wazee wakaacha kunywa? Nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Niligeuka kukuangalia. Wewe ulikuwa unamfunga Milembe kitambaa kwenye kiganja kilichochubuka, unamwambia, leo umekaza. Mimi hukuniambia kitu. Tulipofika nyumbani ndipo ukasema, tena huku unapepeta mtama, hukuniangalia:

"Kabula, usiangalie nyuso. Angalia majembe."

Nikadhani unanikomoa kwa sababu nimesifiwa. Nikalala nimekupa mgongo.

Halafu baba akanipeleka Ushirombo kwa masista. Huko nikajifunza kuandika, ndiyo maana leo unapata barua, na nikajifunza kuimba sauti nne nne, kusimama wima, mikono imetulia. Nilipotoka huko sikurudi kwako. Nilikwenda Geita kumpikia kaka aliyekuwa mgodini. Nilisema ni kwa miezi michache. Wewe uliniamini, au ulijifanya kuniamini.

Geita, Shangazi, ilinipenda. Acha nikuambie ukweli. Kule kulikuwa na Waha, Wanyamwezi, Wazinza, na wengine ambao hata lugha zao sikuwahi kuzisikia, wanaume waliokaa mbali na mama zao mwaka wa pili, wa tatu. Rajabu alikuwa na gitaa, mimi nilikuwa na nyimbo zako. Nilizichukua nikazipunguza mwendo. Ule wa mvua, ambao kwako ulikuwa unakwenda upesi upesi, mimi niliuvuta, nikauvuta, mpaka mtu akaona nyumba ya kwao. Nilijua nimewapata pale walipoweka vikombe chini. Mtu aliyetoka ardhini ana kiu ya siku nzima, halafu anaweka kikombe chini kwa sababu yako! Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu. Nilisimama juu ya sanduku nikihesabu vikombe vilivyotua.

Kila mwaka nilisema nitakuja. Na wewe ungenifuata, jamani. Ungepanda lori, ungenichapa hata kibao mbele ya watu wote, ningekuja. Badala yake ulituma salamu tu, na kila salamu ilikuwa na Milembe ndani yake: Milembe kaongoza kwa fulani, Milembe hajambo, Milembe anakusalimu. Nilizichukia salamu zako.

Nimerudi mwezi uliopita. Nani alinipokea? Yeye. Amesimama hapa mlangoni, amezeeka kidogo, kajifunga kaniki, ananiambia mwadila, mayu, yaani habari za mchana, mama, kama anavyopaswa kuamkiwa mgeni. Mimi mgeni, katika nyumba hii! Akanionyesha ulipolala. Akanieleza alivyokulisha uji, alivyokuogesha. Alisema alikuwa anaosha miguu yako kila jioni kwa maji ya moto kwa sababu ilikuwa imevimba. Hapo ndipo wivu ulipouma hasa, kuliko hata kwenye njuga. Miguu ile niliijua mimi kwanza.

Nikamuuliza kama siku ya mwisho ulinitaja. Nilitaka anidanganye, Shangazi. Mtu mwingine yeyote angenidanganya. Akafikiri, akasema, "Siku ile hapana. Siku nyingine nyingi, ndiyo."

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba mkubwa. Nikasema mimi ni damu, njuga za shangazi yangu haziwezi kukaa kwa mtoto wa jirani. Nilikuwa nimejipanga, maneno yamejaa mdomoni, namsubiri Milembe aje abishe ili nimmalize. Alikuja. Akasikiliza. Akaingia kwake, akatoka na njuga, akaziweka kwenye mkeka mbele yangu. Akasema kesho tunalima pamba kwa Mama Limi, nisichelewe, udongo hautasubiri. Basi. Hata kununa hakununa. Nilirudi nyumbani na njuga zangu na maneno yangu yote.

Mama Limi unamjua, mjane wa kule bondeni. Watoto wawili, wote hawajafika kiuno. Alikuwa ameshapika pombe, ameshachinja mbuzi wake wa pekee kwa ajili ya siku hiyo moja. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, udongo laini. Jua lingeupiga siku mbili ungekuwa tofali.

Nilifunga njuga. Zilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Nikasimama mbele ya mstari, majembe ishirini na kitu, Milembe katikati na jembe lake, ameinama tayari. Nikaanza. Tuta la kwanza lilikwenda vizuri, la pili pia. Halafu nikaingia kwenye ule wimbo wako wa mvua, na mwili wangu ukafanya ulichozoea. Nikauvuta.

Ah, Shangazi, nyuso zile. Mwanamke mmoja alifuta machozi kwa upande wa kiganja chenye tope. Kijana aliyekuwa anacheka cheka akanyamaza. Mzee mmoja akaegemeza kidevu kwenye mpini akafumba macho. Mmoja mmoja wakasimama, na mimi kila aliyesimama nilimhesabu. Nikasema moyoni, mnaona sasa? Mnaona njuga hizi ni za nani? Niliimba kwa ajili yako na kwa ajili ya kumwumiza Milembe, yote kwa pamoja, na sijawahi kuimba vizuri kama siku ile.

Milembe peke yake hakusimama. Alikuwa analima, peke yake, kichwa chini, tuta lake limewapita wengine.

Sijui niliimba muda gani. Nilijua jua limepanda kwa sababu lilinichoma utosi. Nikawa natembea kinyumenyume na hakuna anayenifuata. Nusu ya shamba, na zaidi, ilikuwa bado nyasi. Mama Limi alikuwa amesimama pembeni na kata ya maji mkononi. Hakunilaumu. Alikuwa anaangalia ile sehemu iliyobaki, anaipima kwa macho, na nilijua anachofikiri, kwamba mbuzi mwingine hana.

Baba mkubwa ndiye aliyesema, tena kwa upole, na afadhali angefoka. "Umeimba vizuri, Kabula. Sasa nani atalima?"

Nyuso, Shangazi. Nilikuwa naangalia nyuso.

Nilikaa palepale kwenye matope kufungua njuga. Mafundo yalikataa, watu wote wanatazama. Nikampelekea Milembe mwenyewe kwa mikono yangu. Akafunga, akanipa jembe lake, na mpini ulikuwa bado wa moto kutoka mikononi mwake. Nikaenda nikasimama mwisho kabisa wa mstari.

Akaimba na ile sauti yake ya debe. Wimbo uleule wa mvua, ila upesi, kama wako, umekatwa fupi fupi, na kila alipokata, majembe yalishuka. Na mimi jembe langu lilishuka. Sikuliambia lishuke. Kama hujawahi kuwa ndani ya mstari huwezi kujua, na mimi, mtoto wako, fundi wa nyimbo, nilikuwa sijawahi. Siku zote nilikaa kando yako nikijifunza maneno huku Milembe analima. Unamfunga kitambaa kwenye kiganja. Leo umekaza. Nilichukua miaka yote hii kuelewa ulichokuwa unamsifia.

Tulimaliza jua likiwa bado lipo. Mama Limi alitugawia nyama, akanipa na mimi, nikala nimeinama. Viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu.

Sasa usidhani nimepona. Ningekuandikia kwamba nimemkumbatia Milembe na tunalia pamoja kaburini kwako, ungeicheka barua hii. Wivu bado ninao, umehama tu mahali. Njuga sizitaki tena. Namwonea wivu macho. Anatembea kinyumenyume kwenye matope, anaimba, haangalii nyuma, hajikwai, na macho yake yako kwenye majembe, moja baada ya jingine, hakosi hata moja. Ndivyo ulivyokuwa unatembea wewe. Nikiwa nimeinama namwona miguu tu, na kuna nyakati najisahau, nadhani ni yako.

Kwa hiyo nimekuwa nalima. Tumeshalima kwa watu watano tangu siku ile. Rajabu kanitumia ujumbe kupitia dereva, anauliza narudi lini, kilabu kimepoa. Sijamjibu bado. Geita sijaichukia, watu wale pia wanahitaji kuimbiwa, na labda nitawaimbia tena. Lakini nilikuwa nawaimbia vitu vyako bila kujua vinafanya kazi gani.

Juzi Milembe alisimamisha mstari. Alininyooshea kidole, pale mwisho, akaniita nisogee katikati, ambako wengine wanachukua mwendo. Hakutabasamu. Hakuniangalia hata usoni. Alikuwa anaangalia jembe langu.

Nikasogea. Nilijua kabisa kwamba ni wewe uliyemfundisha kutazama hivyo, na kwamba mimi ndiye uliyetaka kumfundisha kwanza. Roho iliniuma hapo, Shangazi, iliniuma sana, na nikalima.

Mvua inaanza tena, matone yanafikia karatasi, na ungo wako nauonea huruma. Ninakuahidi jambo moja tu, kwa sababu mengi nilishakuahidi nikayavunja. Msimu huu wote nitakuwa kwenye mstari, na ujao, mpaka nitakapoweza kuutoa wimbo wako wa mvua kama ulivyokuwa, bila jembe hata moja kusimama. Milembe akinipa njuga siku hiyo, nitazivaa. Asiponipa, nitalima.

Wabeja, mayu. Asante kwa kunilea, hata pale nilipokupa mgongo. Pumzika sasa, na miguu yako ipumzike. Kesho alfajiri tunalima karibu na ulipolala, utatusikia tukipita. Ukinitafuta kwenye mstari, usiangalie uso.

Mwanao,
Kabula