Jinsi Guled Alivyokufa Tukiosha Gari Yangu

KITUO CHA POLISI, MAILI NNE, ELDORET
MAELEZO YA SHAHIDI (ya pili, kurekebisha yale ya tarehe 21)

Jina: Barnaba Kimeli
Umri: Miaka 78
Kazi: Fundi mstaafu wa mashine, kiwanda cha nguo. Sasa ni mkulima wa mahindi, shamba liko Sugoi
Makazi: Maili Nne, nyuma ya mashine ya kusaga unga
Tarehe: Jumamosi, 23 Agosti 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi

Mimi ni mtu wa miaka sabini na nane. Nimezika ndugu wawili, mke mmoja, na mabosi watatu wa kiwanda, mmoja wao Mzungu. Nimepita njaa ya themanini na nne, nikapita fujo ya tisini na mbili na ile ya 2007, na nyumba yangu haikuchomwa wala mimi sikuchoma ya mtu. Meno ya mbele yote ni yangu. Nasema hivi ijulikane kwamba anayeongea hapa si mtu wa kuyumbishwa. Shule nilifika darasa la nne, lakini mashine nazijua kushinda waliofika chuo. Konstebo Adongo anaandika, mimi nasema. Nimemwambia asininyooshee maneno.

Siku ya Alhamisi tarehe 21, polisi walipokuja kwangu, niliandikisha kwamba marehemu Guled Warsame ndiye aliunganisha waya ya mashine ya kuosha gari. Hiyo ilikuwa uongo. Ni mimi niliunganisha. Nimekuja kurekebisha, na nimekuja kwa miguu.

Guled nimemjua tangu 1979. Alikuwa na lori ya kubeba mahindi na pamba, na ile lori ilikuwa ikiharibika mlangoni mwa kiwanda kama imeagizwa. Mimi ndiye nilikuwa natoka na spana. Januari ya 2008 mke wangu Cherono alizidiwa na barabara zote zimewekwa mawe, gari yangu ndogo haingepita. Wenye magari mazuri walijifungia. Guled alikuja na lori, akamlaza juu ya magunia, akatufikisha hospitali. Kila kizuizi alishuka yeye kuongea na vijana, na hapa Eldoret wakati ule Msomali hakuwa na uhakika wa kurudi kwa gari akishuka. Cherono aliishi miaka mingine tisa. Hayo si ya kesi lakini nataka yawe kwa karatasi.

Nina gari aina ya Peugeot 504, nyeupe, nilinunua 1986. Hakuna mtu mwingine ameiosha isipokuwa mimi na Guled. Wale vijana wa kuosha magari pale mto Sosiani sijawahi kuwapelekea. Wanasugua rangi na kitambaa chenye mchanga. Gari yangu ina miaka karibu arobaini na unaweza kujinyolea kwa mlango wake.

Tulikuwa tunaiosha kila Alhamisi asubuhi, uani kwangu, pale nilimwaga simiti kwa mkono wangu. Guled alikuwa na sheria zake. Gari ioshwe kabla jua halijashika boneti. Ianzwe juu, paa, vioo, halafu kushuka. Magurudumu yawe ya mwisho na yawe na ndoo yake peke yake. Ndani hakuna kumwaga maji, ni kitambaa kimekamuliwa. Mimi napenda maji mengi. Kwa hiyo tulikuwa tunagombana kila wiki, miaka na miaka, na kila wiki anarudi. Kazi ya magurudumu ilikuwa yake. Alisema mtu wa lori hamwachii mtu mwingine magurudumu. Na alikuwa anavua viatu. Hajawahi kuosha gari na viatu. Mimi huvaa gambuti, zile za mpira. Alikuwa ananicheka, "Kimeli, gambuti ni za ng'ombe. Umekuja kukamua gari?"

Leo Jumamosi ilikuwa koito ya mjukuu wangu, yaani tulikuwa twende Kaptagat kwa kina msichana kuongea mambo ya mahari. Mimi ndiye mzee wa kuongea. Nilitaka nifike na gari inang'aa mpaka wakwe waone aibu na viatu vyao. Kwa hiyo tarehe 18, Jumatatu, nilinunua mashine ya presha, ile inarusha maji kwa nguvu.

Waya yake ilikuwa fupi. Nilienda duka la vifaa vya stima la Ahmed, karibu na soko. Ahmed akanitolea waya ya nyuzi tatu. Nikasema nataka ya nyuzi mbili. Akaniambia, "Mzee, hii mashine ni ya maji. Chukua ya tatu, hiyo ya kijani ndiyo inakulinda." Nikamwambia nimefunga mota kiwandani kabla baba yake hajaoa, na waya ya kijani ni urembo tu, mashine inazunguka nayo au bila. Watu walikuwa dukani wakacheka. Nilifurahi wakicheka. Akaniuzia ya nyuzi mbili.

Nilifika nyumbani nikakata waya, nikaunganisha mwenyewe, nikafunga na tepu nyeusi. Ule uzi wa kijani wa mashine niliukata nikauacha hapo.

Nilipowasha, ile swichi ya usalama iliyo kwa ukuta ikaanguka, stima ikakatika. Nikairudisha, ikaanguka. Mara tano. Jumatano tarehe 20, jioni, nikachoka nayo. Nikaitoa njiani, nikapeleka stima moja kwa moja. Mashine ikanguruma vizuri. Nilimwita mwanangu Kipyego atoke aone. Nilimwambia wangemwita fundi angekuja siku tatu na bado angeshindwa.

Mnamo tarehe 21, Alhamisi, saa moja kasoro robo asubuhi, Guled alifika. Alikuwa amevaa macawis yake ya kazi, ile shuka ya kufunga kiunoni, na fulana. Alikuwa na umri wa miaka sabini na nne. Alileta nta ya kung'arisha, kopo jipya, akasema ni zawadi ya koito, kwa sababu wakwe wa Kaptagat wataangalia gari, si uzee wangu.

Akaiona mashine. Akaizunguka. Akaniuliza kama ilikuwa inawaka sawasawa. Nikamweleza vile swichi ilikuwa ikinisumbua na vile nimeitoa.

Akasema, "Kimeli, hiyo swichi ilikuwa inakukataza."

Nikamwambia, nikimwita vile Wasomali huitana, "Warya, wewe ni mtu wa lori. Stima waachie wenyewe."

Akainua mikono kama mtu amesalimu amri, akacheka, akavua viatu akaviweka juu ya ukuta. Hayo ndiyo yalipita kati yetu juu ya hiyo mambo. Hakuunganisha kitu. Hakushika waya. Aliniambia, mimi nikakataa.

Tuliosha paa, tukaosha vioo. Mimi ndiye nilikuwa nashika mkono wa mashine. Sasa kuna kitu sikusema Alhamisi. Nilihisi mkono unanisisimka, kama siafu wametembea kwa kiganja. Mara mbili. Nilidhani ni uzee, na sikutaka kusema uzee mbele ya Guled. Nikabadilisha mkono nikaendelea. Konstebo ameniuliza kama wakati huo nilijua ni stima. Mimi ni fundi. Nilijua na nikajiambia sijui.

Kama saa mbili na dakika kumi hivi, tulifika magurudumu. Guled akasema, "Haya, toka, hii ni ofisi yangu." Nikampa nafasi. Mashine ilikuwa upande wa mbele, yeye anataka gurudumu la nyuma. Simiti ilikuwa imejaa maji na sabuni. Akainama akashika mashine kwa mikono miwili aisogeze.

Hakupiga kelele. Watu wanafikiri mtu hupiga kelele. Alitoa sauti kama mtu anataka kukohoa, na hakuachilia. Nikamwambia, "Guled, wacha mchezo." Nataka hiyo pia iandikwe. Hilo ndilo neno la mwisho nilimwambia.

Mpangaji wangu Nangila alikuwa anaanika nguo. Alipiga nduru, "Mzee, usimguse! Zima stima!" Mimi nilikuwa nimesimama. Hii miguu haikutoka. Nangila akang'oa ule mti unainua kamba ya nguo, nguo zake zote zikaanguka matopeni, akaipiga waya mpaka ile tepu yangu ikaachia. Guled akaanguka ubavuni. Nangila akamgeuza, akamfinya kifua. Mimi nilipiga magoti nikamshika mguu. Ulikuwa na povu. Nikawa naupangusa na kitambaa cha gari. Sijui kwa nini. Nilikuwa naupangusa tu.

Jirani mwenye gari ya probox alitupeleka hospitali. Tulifika saa tatu kasoro dakika tano. Daktari alimwangalia akafunika uso wake.

Polisi walikuja kwangu saa sita mchana. Uani kulikuwa na watu kama arobaini. Kipyego alikuwa amenivuta nyuma ya jikoni akaniambia, "Baba, sema ni yeye aliunganisha. Yeye ameshaenda, wewe bado uko. Utafungwa na miaka yako hiyo." Nilirudi uani bila kukubali. Lakini afisa alipouliza mbele ya watu ni nani alifunga hiyo waya, na Ahmed wa duka alikuwa amesimama hapo kwa geti ananiangalia, mdomo wangu ulisema, "Ni marehemu. Anapenda kujaribu vitu." Kipyego asilaumiwe. Aliniambia kwa kunipenda. Mimi nilisema kwa sababu sikutaka watu arobaini wajue kwamba Kimeli alifunga waya vibaya.

Ahmed aliangalia chini akaondoka.

Ijumaa tarehe 22, baada ya daktari kumaliza kumchunguza na swala ya Ijumaa kwisha, tulimzika Guled. Kabla ya hapo walimwosha nyumbani kwake. Mimi si wa dini yao, nilisimama nje ya mlango. Niliskia maji yanamwagwa pole pole. Niliskia mtu ndani anasema kwa Kiswahili, "Anza kulia, anza kulia," yaani upande wa kulia kwanza. Mtu nimeosha naye gari miaka arobaini kasoro, na siku yake mimi niko nje nimeshika kofia.

Tuliporudi kutoka makaburini, Habiba mke wake aliniita. Alikuwa ameketi kwa mkeka na wanawake. Nilidhani ataniuliza. Mimi nilikuwa nimejipanga kukaa kimya.

Akasema, "Mzee Kimeli, tusamehe. Guled amekuletea msiba kwa boma yako, na koito ni kesho. Hajui stima na bado alishika. Nilimzoea, hakuwa anaskia la mtu. Wewe msamehe, hakutaka kukuharibia."

Bashir, kijana wao mkubwa, alikuwa amesimama. Akasema, "Baba alijitakia." Alisema hivyo mbele ya watu waliokuja kumlilia baba yake. Habiba hakumkemea.

Nilisema, "Hakuna neno, Mama." Nikatoka. Nilifika nyumbani sikuingia ndani. Nilikaa kwa gari mpaka asubuhi. Imeoshwa nusu. Magurudumu bado yana matope.

Guled hakujitakia. Aliniambia swichi ilikuwa inanikataza. Alikuwa mtu mwangalifu. Miaka hiyo yote na lori hakuwahi kupindua, hakuwahi kugonga mtu. Siwezi kukubali aingie kaburini na jina la mjinga ambalo ni langu, na mtoto wake alibebe mpaka kwa watoto wake.

Konstebo Adongo ameniuliza mara mbili kama naelewa kwamba kwa maneno haya naweza kushtakiwa. Akasema, "Mzee, unaweza kwenda nyumbani kwanza uongee na watoto." Nimemwambia watoto wako Kaptagat kwa koito. Niliwaambia waende, watafute mzee mwingine wa kuongea. Nimemwambia pia mimi si mtoto, naelewa, aandike.

Simlazimishi mtu kuniamini. Wa kuulizwa ni hawa. Nangila, mpangaji wangu wa chumba cha pili: aliniona nikifunga tepu Jumatatu, na ile waya aliipiga yeye. Ahmed wa duka la stima: anajua nilinunua nini na alinikataza vipi. Kipyego atakataa. Huyo usimwandike kama shahidi, mwandike kama mwanangu. Habiba hajui lolote katika haya, na naomba polisi wasimwambie kabla yangu.

Nimesema yote ninayoyajua na sijaongeza. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Sahihi: B. Kimeli

Maelezo ya afisa: Yamechukuliwa na mimi kwa Kiswahili na kusomwa mbele ya shahidi. Nilimpa tahadhari kabla na katikati ya maelezo, alichagua kuendelea. Alikataa kutumia kidole gumba, akaandika jina lake mwenyewe. Aliomba karatasi ya tarehe 21 ichanwe. Nilimweleza kwamba haiwezi kuondolewa, zote mbili zitabaki katika faili. Akauliza ni ipi itasomwa kwanza mbele ya familia. Nilimjibu sijui. Saa tano na nusu tuliondoka kituoni pamoja, yeye na mimi, kuelekea nyumbani kwa mjane.

Konst. R. Adongo