Uzi wa Mwanga Kwenye Mkungugu wa Shule

Kikuyu, Dodoma
Jumamosi, Novemba inaishia

Kwako Baba Matonya,

Shikamoo Baba. Ni mimi binti yako Anitha, mzima wa afya, ila nina hasira, na nimeona nisikufiche. Goti lako linaendeleaje? Mama namsalimu, na ng'ombe nao nawaulizia, maana nasikia malisho yamekauka kabisa. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Barua huwezi kuikata katikati ya maneno, na Fredy wa bodaboda nimemwagiza akukabidhi mkononi leo hii.

Mama amenieleza yote. Wazee walikuja nyumbani, wakakaa hadi chai ikapoa, wakasema mvua imechelewa kwa sababu binti yako ameufunga mkungugu, ule mti mkubwa wa shule, kwa waya. Eti wenzetu wa kijiji cha Gulwe wameshapanda, sisi tunatazama vumbi, basi aliyeifunga mvua aje aifungue, atoe na mbuzi mweusi wa kuomba radhi. Na wewe ukawajibu kwamba nitakuja kesho kupiga magoti. Hivi Baba, magoti hayo umeyatoa wapi? Yangu sijakupa.

Ule si waya wa kufungia kitu. Ni uzi wa kioo, mwembamba kama wa kushonea gunia, na ndani yake unapita mwanga. Upepo ukiuyumbisha mti, uzi unavutika, mwanga unabadilika, na kisanduku pale juu kinaniletea habari huku ofisini. Mti wenye nguvu ukisukumwa hurudi mahali pake. Ule wetu haurudi. Kila upepo mkali unauacha umelala kidogo zaidi kuelekea darasa la kwanza, kwa kuwa korongo limeshakula mizizi ya upande unakotokea upepo. Najua chini yake babu zetu walifanya tambiko la mvua, ndiyo maana sikuomba ukatwe. Niliomba matawi ya upande wa darasa yapunguzwe na watoto wahamishwe. Niliwaeleza wazee polepole, kwa heshima zote. Waliniitikia vizuri tu, kumbe macho yao yako kwenye uzi.

Aliyenielewa ni Mwalimu Angelina peke yake. Baada ya upepo wa Jumanne nilimpigia kumwambia mti umelala vibaya, naye akawahamishia watoto kanisani siku hiyo hiyo. Mti haukuanguka. Sasa kijiji kizima kinamcheka, wanamuuliza kama huko kanisani anafundisha hesabu au kwaya. Wacheke! Afadhali tuchekwe watoto wakiwa hai. Lakini juzi mwanga ukakatika, nikawa sioni chochote, na wazee wameamuru watoto warudi darasani Jumatatu. Tereza wa kaka Yotham anakaa dawati la dirishani, Baba, chini kabisa ya tawi kubwa. Mjukuu wako.

Jana nilikuja. Hukuniona, ulikuwa malishoni. Nilidhani nitaukuta uzi umenyofolewa na kutupwa korongoni. Nikakuta umekatwa kwa kisu, taratibu, ncha yake imekunjwa duara, ikafungwa fundo, ikatundikwa kwenye msumari isiguse mchanga. Fundo lile nalijua tangu nilipokuwa nakushikia ndama ukiwafunga. Kijijini hakuna mwingine anayefunga hivyo. Aliyeukata ni wewe.

Sijamwambia mtu, hata Mama. Najua walikutisha. Najua pia kwamba mtu anayekichukia kitu hakikunji namna ile. Lakini umeniumiza, Baba, tena sana, na msamaha wa haraka sina.

Uzi mpya nimeshaufunga, juu ambako goti lako halifiki. Mwalimu Angelina ndiye aliyenishikia ngazi. Mwanga unapita tangu jana, na mti umelala zaidi kuliko ulivyokuwa Jumanne.

Kwa hiyo kesho nakuja kama nilivyoitwa. Mbuzi sitoi. Magoti sipigi. Nitawaomba wazee waingie darasa la kwanza, kila mmoja akae kwenye dawati la mjukuu wake, mlango ufungwe, watulie humo mpaka upepo wa alasiri upite. Wakithubutu, nitaufungua uzi kwa mikono yangu mbele yao. Wakikataa, basi watoto wabaki kanisani na matawi yapunguzwe, na yeyote atakayeuliza nani kaufunga mti ule aambiwe jina langu lote.

Mwambie Mama asihangaike kuchinja kuku, hatutapata nafasi ya kula. Wanaonisema nao wasalimie, waambie nimewasikia.

Dawati la Tereza kesho ni lako, Baba. Ukiona huwezi kulikalia, njoo unishikie ngazi tupunguze matawi.

Ni mimi binti yako, ninayekupigia goti wewe kwa salamu, si wao kwa hofu,

Anitha