Mkono wa Walii na Baiskeli ya Jannat

Kansanga, Barabara ya Ggaba,
Kampala, Uganda.
Jumatano, 12 Februari 2025

Mpendwa shemeji Maftah,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa vizuri, wewe na mama watoto na wajukuu wote wa hapo Mombasa. Goti linasemaje? Na sukari, imeshuka au bado mnavutana nayo? Sisi huku hatujambo. Mvua hazijaanza, vumbi ndilo linatutawala, lakini tunakula na tunalala.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu unaikata. Barua huwezi kuikata katikati. Na hata ukiichana, utakuwa umeshaona mwandiko wangu ulivyonyooka, mimi niliyeishia darasa la saba.

Wifi yangu Rehemah, dada yako, ameniambia umesema binti yangu ana kisirani. Nilikuwa nachambua mchele, nikauweka chini. Shemeji, nimekuheshimu tangu siku niliyoingia nyumba yenu, lakini hilo neno sikulimeza. Limekaa hapa kooni mpaka leo.

Najua baba yake Jannat hayupo, na walii wake wa kumwoza ni wewe. Najua Fahim ameposa, tumekubali, na ndoa ni Ijumaa ya tarehe 21, kabla Ramadhani haijaingia. Sasa unasema hutoi mkono wako mpaka Jannat aache kupanda baiskeli. Hayo umeyatoa kwa Bi Husnah, shangazi yake Fahim, aliyekupigia simu akiwa kitandani hospitali. Nisikilize na mimi basi, niliyekuwepo.

Kwanza ukumbuke unamzungumzia nani. Jannat ana digrii mbili. Ya pili ameipatia Wandegeya pale, chuo kikuu, nami nilikaa mstari wa mbele na kitambaa cha dhahabu, watu wakauliza huyu mama ni nani. Kazi yake ni afya ya watu wa mji. Anakwenda kwenye mashule anasikiliza vifua vya watoto. Anasema magari yanapanga foleni getini asubuhi, injini zinanguruma, kila mzazi anamleta mwanawe kwa gari asichoke, na moshi wote unaingia kwa hao hao watoto. Unamlinda mtoto miguu, unamharibia mapafu. Hayo ni maneno ya binti yangu. Yako yako wapi?

Basi Bi Husnah alikuja kututazama. Nilimpikia pilau, nikamtengenezea sambusa kwa mkono wangu, si za kununua. Alikula vizuri, sitamsingizia. Alipokwenda kunawa akaiona baiskeli ukumbini, na kofia ngumu juu ya kiti. Akauliza ni ya kijana gani. Nikasema ni ya bi harusi wenu, anaendea kazini, anavaa suruali pana ndani na kanzu ameibana isishike mnyororo, hata kucha ya mguu huioni.

Akaweka kikombe chini. "Mwanamke wa kwetu," akasema, "hatanui miguu barabarani. Anapanda boda, anakaa upande, watu wanajua ana wazazi."

Unajua huo ukaaji wetu, shemeji. Sote tumelelewa nao. Miguu yote upande mmoja, mkoba mapajani, mkono mmoja unashika ushungi na mwingine haushiki kitu, maana dereva ni mwanamume na huwezi kumkumbatia. Hiyo ndiyo heshima yetu. Jannat akamwambia kwa adabu, shangazi, ukikaa hivyo pikipiki ikifunga breki huna pa kujishikia. Bi Husnah akajibu hayo ni ya vitabuni, yeye amekaa upande tangu boda zilipoingia Kampala.

Wakati wa kuondoka akamwita Otema, bodaboda wa kituo chetu, kijana wa Kiacholi mwenye adabu zake. Otema akamwomba akae kama mwanamume, kwa sababu pale chini barabara imechimbwa kwa ajili ya mabomba. Akampa na kofia. Bi Husnah akamwambia atazame injini yake, na kofia ingemvunjia kilemba. Wakaenda.

Hawakufika mbali. Taksi iliwachomekea, Otema akafunga breki, na Bi Husnah akateleza kama mfuko wa sukari. Paja likavunjika. Tulisikia mayowe tukiwa getini. Magari yalikuwa yamekwama mpaka Kabalagala. Unadhani nani alifika? Jannat, kwa baiskeli hiyo hiyo. Watu walishaanza kumvuta mama wa watu kwa mabega wamsimamishe. Jannat akawazuia, akaunyoosha mguu, akaufunga kwa shali yake mpya na kipande cha ubao, akamshika mkono mpaka gari la kumbeba likapenya kwenye jamu. Daktari mwenyewe aliuliza nani aliufunga ule mguu. Nikamwambia ni mwanangu.

Na Bi Husnah, alipopata nguvu ya kushika simu, akakupigia wewe kukueleza kwamba baiskeli ya Jannat ilimtazama vibaya. Nawe mtu mzima ukakubali.

Otema alikuja kumwona wodini akiwa na ndizi. Akaninong'oneza mlangoni, "Mama Jannat, iliyoanguka kwanza ni heshima yake. Paja lilifuata tu." Nilitoka nje nikacheka, Mungu anisamehe.

Sasa nikuambie lililo langu. Kaka yako marehemu alikuwa mtu wa gari. Kutoka hapa mpaka dukani Mengo, kila siku asubuhi na jioni, kwenye jamu, dirisha wazi, moshi wa malori usoni, chapati mapajani. Hata msikitini alikwenda kwa gari, na adhana tunaisikia kitandani. Daktari alimwambia atembee. Akasema watu watadhani amefilisika. Kiharusi kikampatia humo humo ndani ya gari, watu wa nyuma wanampigia honi asogee. Wewe ndiye uliyemwosha. Ulilia mpaka ukashindwa kumwagia maji, nikakusikia nikiwa chumba cha pili.

Na sasa unanitumia picha ya gari jipya, na goti hilo, na sukari hiyo. Ukitaka kununua mkate unapanda gari. Nani ana kisirani katika nyumba hii, shemeji? Nijibu.

Sisemi baiskeli ni pepo isiyo na hatari. Kila asubuhi Jannat akitoka mimi husoma Ayatul Kursiyyu mpaka anitumie ujumbe kuwa amefika. Anapita njia za ndani, lakini madereva wa hapa hawamwoni mtu asiye na injini. Ninaogopa. Lakini naogopa zaidi kumzika mwingine kwa ugonjwa wa kukaa.

Nilimwita Fahim, nikamwuliza mbele ya binti kama naye anaitaka baiskeli itoke. Akainama, ana haya kijana yule. Akasema, "Mama, nilimpenda nikimwona akipita juu ya baiskeli. Akishuka nitamjuaje?"

Jannat haachi, nami sitamwambia aache.

Nimekwenda kuuliza kwa wenye elimu. Walii akizuia ndoa bila sababu ya sheria, kadhi anasimama mahali pake. Baiskeli si sababu ya sheria. Kadhi wetu nimeshazungumza naye, Ijumaa hiyo yuko tayari. Huna hata haja ya kukasirika, ndoa itapita bila wewe.

Nisalimie mama watoto, umwambie kanga alizonipa bado nazivaa na watu bado wanazionea wivu. Msalimie na bibi Jamila wa jirani. Rehemah anakusalimu, na Fahim pia, ingawa hukustahili.

Lakini nimalizie hivi. Siku ya ndoa Fahim atanyoosha mkono, na atakayeushika ndiye atakayemtoa binti yetu. Mkono wa kadhi utatosha, Mungu ataukubali. Ila wako una vidole vile vile vya marehemu, hata kovu la kidole gumba mlilipata pamoja mkichonga vijiti vya tiara utotoni. Mtoto huyu hana kipande kingine hai cha baba yake kinachoweza kumwoza. Panda basi, uje. Utakitoa au utamnyima, hilo sasa liko kwako.

Mungu akuponye mwili, na ulimi pia.

Mimi shemeji yako akupendaye hata leo,
Kulthum, Mama Jannat