Saa ya Baba Ndani ya Rilei

Jumanne, 12 Agosti 2025

Mwalimu Tito kapiga simu nikiwa karakana, hapa Moshi mjini. Ndiye mwenyekiti wa ushirika wa maziwa kwetu Uru. Sikukuu ya Nane Nane mtambo wao mdogo wa umeme wa maji ulizima, tangi la kupoozea likakaa bila umeme, maziwa ya watu yakamwagwa yote! Davis, fundi wao, akatoa kumbukumbu za rilei — kile kisanduku kinachokata umeme kukiwa na hitilafu, na kuandika saa. Imeandika 01:40. Yaani saa saba usiku, zamu ya Primus, mwangalizi wa mtambo. Alilala, anasema Mwalimu. Primus anaapa aliondoka zamu ilipoisha, saa kumi na mbili asubuhi, taa zinawaka. Mchana hapakuwa na mtu, kamati yenyewe ilitoa mapumziko. Jumamosi wanamfukuza. Wanataka kumbukumbu nizitoe upya mimi, mtoto wa Basili, asije akasema kaonewa.

Primus! Baba ndiye aliyemfundisha kazi, hata ndevu hana. Mimi chumba kile cha mashine sijakanyaga tangu tumzike baba.

Jumatano, 13 Agosti

Nimepanda Uru. Ukungu, baridi ya Agosti ile ile. Chumba cha mashine kinanukia grisi na ndizi mbivu — baba alikuwa akivundika ndizi nyuma ya mashine kwa sababu ya joto, na Primus bado anavundika pale pale. Nusura nilie kwa ajili ya mkungu wa ndizi.

Tundu la waya kwenye rilei ni la kizamani, kompyuta yangu haina. Na adapta nimeiacha mjini! Fundi gani mimi. Primus hakucheka. Kasema tu yeye hawezi kulala zamuni, Mzee Basili angefufuka amchape.

Alhamisi, 14 Agosti

Adapta ninayo. Kumbukumbu zimeshuka mstari mmoja mmoja, taratibu. Davis hakukosea: tarehe nane, 01:40, umeme umekatwa. Primus alikuwa amesimama mlangoni. Nilishindwa kumtazama.

Nikawa nafunga kifuniko, ndipo nikaona kioo kidogo cha rilei: 04:22. Simu yangu: 10:22. Nikadhani betri imekufa. Lakini mbona dakika zinalingana? Masaa sita kamili! Nikakaa chini nikacheka mpaka Primus akaogopa. Baba! Baba na saa yake ya mkononi, mshale mfupi kwenye nne ikiwa ni saa nne. Nilipokuwa sekondari nilimkosoa. Akaniuliza siku itaanzaje usiku wa manane, nani yuko macho aianzishe? Rilei hii aliifunga yeye, na akaitegea saa yetu ya Kiswahili. Basi 01:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Zamu ya Primus imeshaisha!

Nimempigia Mwalimu Tito. Hakufurahi. Kauliza nitathibitishaje kwamba Primus hakuichezea saa hiyo juzi, maana analala nayo — kasema hivyo hivyo, "analala nayo." Imeniudhi, lakini swali ni la haki.

Ijumaa, 15 Agosti

Niko kwa mama. Mtori wa ndizi, moshi wa kuni, paka yule yule mbaya. Nimefungua kumbukumbu zote, zinarudi nyuma miaka mitano. Mama anapiga soga: jinsi baba alivyokuwa akiwahi msaragambo wa kijiji, chai haimalizi, viatu mkononi! Nikashtuka. Jumamosi ya kwanza ya mwezi kijiji kizima kinatoka kusafisha mfongo, mfereji unaoleta maji, na mtambo lazima uzimwe. Nikatafuta. Jumamosi, 02:00, umezimwa. Mwezi uliofuata, 02:00. Nani anaenda kuzibua mfongo saa nane usiku? Ni saa mbili asubuhi, miaka yote.

Halafu nikaona lingine. Baada ya Pasaka ya mwaka juzi, tulipomzika baba, ni 02:09, 02:14, 02:06. Huyo ni Primus, anasubiri watu wafike. Sifuri mbili za mwisho ni za baba. Nimelia. Mama kaniuliza kuna nini, nimemwonyesha, naye kalia.

Jumamosi, 16 Agosti

Kamati nzima imejibana kwenye chumba cha mashine. Nimewaonyesha. Mwalimu Tito kavaa miwani, kasoma, kavua, kasoma tena. Mama Gladys wa hazina kauliza asubuhi ile ya Nane Nane ni nani aliyetakiwa kuwepo. Mapumziko si waliyatoa wenyewe! Wametoka nje kuzungumza. Mwalimu kaniagiza wakirudi wakute saa imerekebishwa, isije ikamponza mwingine. Hata mimi ningeagiza hivyo.

Naandika nimekaa kwenye kigoda cha baba. Masaa sita nimeshayaongeza, kioo kinauliza kama nina hakika. Primus kasema, "Bonyeza tu, dada. Mzee angeelewa." Maskini, masikio yake yote yako nje.

Nimemwuliza saa ngapi, ili tu nichelewe. Kavuta mkono wa koti. Saa yake ya mkononi, mshale mfupi uko kwenye tano! Na ni saa tano kweli. Nimeushika huo mkono.

Mwalimu Tito anamwita nje. Primus kanitazama. Sijabonyeza —