Marehemu Ameacha Mtoto Mmoja

Mpendwa Baba Anande,

"Marehemu hakuoa, wala hakujaliwa mtoto."

Hivyo ndivyo Mama Brayan wa kamati ya mazishi alivyosoma wasifu wako pale ukumbini Adelphi, huku Marekani, kipaza sauti mkononi, wewe ukiwa umelala kwenye sanduku nyuma yake. Watu wakainamisha vichwa. Wengine waliokula kwetu Krismasi nao wakainamisha.

Ni uongo mara mbili katika sentensi moja. Ulioa. Ulinioa mimi na mimi nikakuoa wewe, mahakamani, mvua ikinyesha, umevaa tai uliyoifunga vibaya na kukataa nikurekebishie. Hilo la ndoa ningeweza kulimeza. Nimetukanwa magazetini na watu wenye kalamu kali kuliko ya Mama Brayan, na hakuna niliyemwacha bila jibu. Kwenye wasifu mimi walinitaja kama "rafiki aliyekuwa akiishi naye", na nikanyamaza kwa ajili yako, kwa sababu hukupenda nigombane mbele ya watu.

La mtoto silimezi. Mtoto alikuwepo. Alikuwa mapajani mwangu, kwenye safu ya marafiki walikotuweka, akitafuna utepe wa gauni lake.

Anaitwa Anande, jina la mama yako. Unakumbuka tulivyobishana? Mimi nilitaka jina la kwetu Tanga. Wewe ukasema kwenu Machame binti wa kwanza huchukua jina la bibi mzaa baba, basi, hakuna kikao. "Wewe andika makala," ukaniambia. "Majina niachie mimi." Toka siku hiyo ukaanza kuniita Baba Anande, na mimi nikakuita Baba Anande, na majirani wa ghorofa ya chini wakachoka kujua nani anaitwa na nani anaitika.

Najua wanavyosema. Mtoto wa tumbo la kukodi. Wanalisema kana kwamba Denise aliyetubebea ni nyumba tuliyoipanga. Ningependa mmoja wao aende Springfield amwambie Denise neno hilo usoni, mwanamke anayeendesha basi la shule na kunyamazisha watoto hamsini kwa kuwatazama tu kwenye kioo. Yeye mwenyewe alituambia jikoni kwake, siku tulipomshukuru kupita kiasi hadi akakereka: "Sijawakodisha kitu. Nimewabebea mtoto wenu. Sasa nioshee hivyo vyombo." Ukaviosha. Ulikuwa unainama na kuliamkia tumbo lake kwa Kichaga, naye anacheka, anauliza unamwambia nini mtoto, na wewe unamjibu kuwa ni mambo ya ukoo.

Halafu Anande akazaliwa, na tukangoja zamu.

Wewe unajua ninachosema, ila barua hii naichapisha na wengine wataisoma. Kwetu Watanzania wa huku, mwanamke akijifungua, Mama Brayan hutuma zamu kwenye kundi la simu: fulani apeleke mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, Jumatatu, fulani supu Jumanne, mpaka mzazi apate nguvu. Hata aliyezaa bila mume hupelekewa. Hata aliyekosana na nusu ya jumuiya hupelekewa. Sisi simu ikakaa kimya. Mimi nikataka kuandika, wewe ukanizuia, ukampigia mwenyewe, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama Brayan, shikamoo. Zamu zetu vipi?"

"Marahaba, mdogo wangu. Lakini mtori ni wa mzazi. Kwenye nyumba yenu mzazi nani?"

Ulicheka. Ulimwambia asante, ukamsalimia Brayan, ukakata simu. Halafu ukachukua funguo za gari ukaenda kununua ndizi.

Ndizi za mtori hazikupatikana, ukarudi na zile nene ngumu za kukaanga kutoka duka la watu wa El Salvador. Nilikuambia hazitafaa. Ukaniambia mtu wa Tanga hafundishi Mchaga mtori. Ukachemsha, ukaponda na nyama, ukaongeza maji, ukaponda tena. Ukatoka mzito kama zege. Tukaubeba hivyo hivyo mpaka Springfield, Anande amelala kwenye kiti chake nyuma, sufuria imefungwa mkanda pembeni yake. Denise akaonja kijiko kimoja, akakutazama.

"Hiki ni chakula au adhabu?"

"Kula, dada. Umezaa. Kwetu aliyezaa anakula hiki."

"Wote?"

"Wote."

"Na bado mnaongezeka?"

Tulicheka mpaka mtoto akaamka. Denise akala bakuli zima, akitukana kila kijiko, kisha akaomba la pili, na wewe ukageukia dirisha ukafuta macho kwa kitambaa cha vyombo.

Kwa hiyo swali la Mama Brayan lina jibu. Mzazi alikuwepo, alikuwa Springfield, na alipikiwa. Aliyempikia ni yule waliyesema hakujaliwa mtoto.

Kuna hoja moja, Baba Anande, ambayo sina dawa yake. Anande alipozaliwa ulikuwa na miaka hamsini na minne, mimi hamsini kasoro mmoja, nao walisema: mnazaa uzeeni, mtamwacha mdogo. Niliwaandikia kurasa kwa kurasa. Niliwauliza kama wanawapima umri wanaume wanaooa wasichana na kuitwa baba wakiwa na mvi, nikawakumbusha baba vijana ambao mama zetu waliwazika. Hoja nzuri, naisimamia mpaka leo. Kisha moyo wako ukasimama kwenye maegesho ya chuo pale Annandale, vitabu vya hisabati vya wanafunzi wako bado viko kwenye begi, na Anande hajafikisha hata miaka sita. Asubuhi anapanga vikombe vitatu vya uji. Anakitazama cha tatu, anakirudisha kabatini. Mbele ya kile kikombe hoja zangu zote hazisemi kitu.

Sasa nikueleze siku ile, maana hukuwa na namna ya kuiona.

Wakati wa kuweka mashada waliita familia. Akaenda kaka yako. Wakaita wafanyakazi wenzako. Wakaita majirani. Mwisho kabisa, marafiki, ndipo Anande akaenda na ua lake. Nyuma yangu nikamsikia mama mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Hivi haka katoto hakaumii kusikia yale?" Mwenzake akamjibu, "Kataumiaje? Hakajui Kiswahili haka, ka-Marekani."

Hilo ndilo kosa letu sote huku. Tunawasemesha watoto Kiswahili, wanatujibu Kiingereza, nasi tunaamua kuwa hawasikii. Tunasengenya mbele yao, tunataja madeni, talaka na magonjwa mbele yao. Wewe ulimwimbia Anande kwa Kiswahili kila alipooga. Ulimgombeza kwa Kiswahili. Alikuwa anakujibu Kiingereza huku anafanya kila ulichomwambia.

Tuliondoka ukumbini, tukashika barabara ya University. Kwenye taa nyekundu akasema kutoka kiti cha nyuma, kwa Kiswahili, sauti ndogo, akichagua maneno:

"Dedi. Baba hakuacha mtoto. Mimi je?"

 Taa ikawa kijani, magari yakapiga honi. Nikaingia kituo cha mafuta, nikazima gari, nikahamia kiti cha nyuma.

"Wamekosea kusoma," nikamwambia.

Akafikiri, uso wako kabisa, kile kipaji cha uso ulichokuwa unakunja ukikagua hesabu. Kisha akarudi kwenye Kiingereza chake: shuleni mtu akikosea kusoma, mwalimu anamwambia arudie. Mbona hawakurudia?

 Nilimshika, tukalia pale mpaka vioo vikapata ukungu.

Nimekuandikia kwa sababu sijazoea kumaliza ugomvi bila wewe kuusoma kwanza na kufuta matusi. Safari hii matusi nimeyafuta mwenyewe, mengi. Suruali zako bado zimetundikwa nyuma ya mlango. Mwiko wa mtori nauosha na vyombo vingine kila siku ingawa hakuna anayeutumia. Lala, mpenzi wangu. Anande ninaye.

Na ninyi wa kamati ya mazishi, najua mnasoma. Jumamosi ni arobaini yake, ukumbi ni uleule. Hatutakaa safu ya marafiki. Tutakaa mbele, mimi na Anande, na Denise atakuwa pamoja nasi. Sitapiga kelele, wala sihitaji mnipende. Mama Brayan, wewe uliyemwita "mdogo wangu", naye ndiye aliyekupeleka hospitali usiku wa kumzaa Brayan bila kukuuliza chochote: shika kipaza sauti kilekile, mtazame mtoto, na umsomee kwa Kiswahili, anakisikia. Marehemu ameacha mtoto mmoja, Anande. Mlikosea kusoma. Rudieni.

Mimi mwenzako,
Baba Anande