Kipimo cha Mkwe

3 Februari

Mama mkwe mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na tanuri lako la mikate bado linaamsha mtaa kwa harufu. Sisi huku hatujambo. Binti yako ana mimba ya miezi mitano sasa, anakula kwa niaba ya watatu ingawa daktari kaona mmoja tu. Nia yake iko palepale: mwezi Juni aje ajifungulie kwako.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Kazini kwetu tunapima moshi wa majumbani, na mitaa mitatu yenye hewa nzito kuliko yote itapewa majiko ya kuni yenye bomba la kutolea moshi nje. Nimeuombea mtaa wako upimwe. Anayekuletea barua hii anacho kipimo, kisanduku cheupe chenye tundu. Naomba kikae nyumbani mwako mwezi mzima, pale utakapoona panafaa. Itanipendeza sana mjukuu wako akikuta bomba limeshafika.

Wako mtiifu,
Mkwe wako

17 Februari

Mkwe wangu,

Marahaba, marahaba tena. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi changu, ambacho ni mpangaji wa siku nyingi, hahami wala hasaidii kazi.

Kisanduku nimekipokea kwa mikono miwili. Kizuri jamani! Kina kitaa cha kijani kinachokonyeza kama kijana asiye na adabu. Nimekiweka mahali pa heshima, usiwe na wasiwasi. Asubuhi nikishawasha kuni na kuingiza mikate, nanawa mikono, nakwenda kukifuta vumbi. Mwambie binti yangu asinyanyue ndoo, namjua kwa ubishi.

Mama mkwe wako

29 Machi

Mama,

Shikamoo. Habari za kikohozi? Sisi wazima. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili.

Majibu ya kipimo yametoka. Nyumba yako ina hewa safi kuliko wodi ya hospitali! Bosi wangu amecheka mpaka basi: "Kwa mkweo wanapikia jua?" Mtaa wenu umeondolewa kwenye orodha, na kikao cha mwisho ni tarehe 20 Aprili.

Mama, siku ya posa nilikaa sebuleni kwako mlango wa jikoni ukiwa wazi, nikatokwa machozi mpaka wajomba wakasema kijana huyu kapenda kweli. Kupenda nilipenda, ila machozi yalikuwa ya moshi. Binti yako amenikataza nisikuulize, anasema ni kukuvunjia heshima. Nisamehe. Kipimo ulikiweka wapi?

Mkwe wako

8 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Hatujambo. Kaa chini kwanza.

Nilikiweka kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni na picha ya harusi yenu, nikafunga kwa ufunguo. Si ulisema panapofaa? Ningekitundikaje kitu cha mkwe jikoni kwenye masizi, watu wakaniona sina haya? Lo! Nilicheka, kisha nikalia, maana mtaa mzima nimeuponza kwa adabu zangu. Na wewe nawe, kwa nini hukusema tu jikoni?

Haya, yaliyopita si ndwele. Nilikuwa na magunia meupe ya unga. Nimeyafua na kukata vitambaa kumi na viwili, vyote sawasawa, kila nyumba ya mtaa huu kimoja, kining'inie jikoni siku saba. Mwalimu wa pale kona, anayepikia gesi, yeye kakitundika barazani. Nitavileta kwenye kikao mwenyewe. Usinikataze, sitasikia.

Mama mkwe wako

22 Aprili

Mama,

Shikamoo nyingi. Nimefurahi kusikia ulifika nyumbani salama.

Kazi hii naijua miaka tisa, sijapata kuona kikao kama kile. Ulivyovitandika vile vitambaa mezani kimoja kimoja, vyeusi kama masizi ya sufuria! Ukasema mbele ya wakubwa, "Kosa ni langu, kipimo nilikifungia kabatini, mtaa usiadhibiwe." Wala hukunitaja. Kisha ukainua cha mwalimu, nacho kijivu. "Huyu hawashi hata kijiti," ukasema. "Moshi ukitoka kwangu haupigi hodi kwake, unaingia tu." Bosi hakucheka. Ulipotoka alisema tumepima jikoni miaka yote, hatujawahi kupima barazani kwa jirani. Nilitaka kusimama niseme yule ni mama mkwe wangu. Mama, nakuvulia kofia.

Mtaa wenu umerudi kwenye orodha! Mafundi wataanza mwezi wa nane. Sasa kuhusu safari ya binti yako, tutaona, mvua nazo, barabara nazo, daktari naye ana maneno yake.

Mkwe wako

30 Aprili

Mkwe wangu,

Marahaba. Mvua nazo, barabara nazo! Acha kuzunguka mbuyu. Unataka kusema bomba litafika mtoto ameshazaliwa, na asizaliwe kwenye moshi wangu. Sema! Kitambaa changu ndicho kilichokuwa cheusi kuliko vyote, nilikiona kabla yenu. Imeniuma, sikufichi. Mjukuu wa kwanza nilitaka afumbue macho katika chumba alichozaliwa mama yake. Nimelia siku mbili, zimetosha.

Basi nakuja mimi. Najua mama mkwe halali kwa mkwewe, na mashoga zangu wameshaanza kunicheka. Wacheke. Mimi na wewe tukiendelea kuoneana haya, atakayekohoa ni mtoto. Mikate atanishikia jirani. Tarehe moja Juni njoo unipokee stendi, mizigo itakuwa mingi. Na asubuhi ukinikuta jikoni mwako nimejifunga khanga, usikimbilie nje. Niamkie, kaa, unywe chai.

Mama yako